Pipa Nililolifungia Chumbani

Bwana asifiwe! Sifa zake na ziwe nyingi kuliko ujinga wangu, na ujinga wenyewe si haba. Ndugu zangu, mimi nililaza pipa la mafuta ya taa chumba kimoja na wanangu, nikalifunga mnyororo kwenye mguu wa kitanda chao, nikajiona mlinzi hodari.

Mnanijua. Nashona mapazia nyumbani kwangu Bellevue, ghorofa ya juu. Nikifika kwenye robot ya kona, zile taa za magari, najihisi nimesafiri. Mtu wa kukaa ndani kama mimi huogopa vitu viwili: baridi ya Juni na wezi. Pipa lile ndilo lilikuwa joto letu la msimu mzima, la kutia kwenye hita umeme unapokatika. Uani lingeibwa. Basi nikaliingiza ndani, nikalipandisha juu ya matofali, nikalizungushia pazia, nikatia kufuli. Halafu nikaipaka kufuli mafuta ya maombi. Kufuli, ndugu zangu! Koki sikuitazama.

Kila asubuhi nilitumbukiza ufito kupima. Yamepungua. Kesho yake yamepungua tena. Mwizi! Nikafunga siku tatu nikiomba mikono yake ikauke. Na moyoni nilishamjua: Mama Furaha, msusi anayekaa chini yetu, maana alikuwa ameacha kuja kuomba mafuta kwangu. Asiyeomba tena si amepata pa kuyatoa? Hiyo ndiyo akili niliyotoka nayo sekondari.

Harufu? Eish, nyumba yangu hunuka mafuta ya taa msimu wote wa baridi. Pua ilishastaafu.

Jumamosi moja alasiri umeme ukakatika. Mke wangu alikuwa kazini. Mwanangu Neema na mdogo wake walikuwa na mafua, wamelala. Nikasema leo nalitafuta tundu, kwani niliamini Mama Furaha ametoboa dari yake na anayavuta kwa mpira! Nikapiga magoti kando ya pipa, mshumaa nimeubana kwapani. Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika. Ya tatu, kichwa kikaruka. Nikakikemea kiberiti kwa jina la Yesu! Kumbe nilikuwa namkemea aliyetumwa kuniokoa.

Njiti ya nne iko mkononi, mlango ukapigwa teke. Mama Furaha, na beseni.

"Papa Neema, dari yangu inakojoa mafuta! Siku zote nilidhani ni bomba lenu. Sasa hivi nataka kuwasha jiko, nanusa beseni, ni nini hiki?" Akaiona njiti. "Weka chini! Weka chini, we mwendawazimu! Toa watoto!"

Tukawatoa. Tukafungua madirisha, tukainua zulia. Chapachapa! Blanketi lililoning'inia kitandani lilikuwa limenyonya mafuta mpaka pale magoti ya Neema yalipokuwa. Na nyuma ya pazia langu zuri, koki ilikuwa inadondosha, tone, tone, bila haraka.

Nilikaa sakafuni. Njiti zile tatu ziko hapa mfukoni. Nani alizivunja? Nani alimpandisha ngazi, dakika ileile, mwanamke niliyefunga siku tatu nikiomba mikono yake ikauke? Mikono hiyohiyo ndiyo iliyombeba Neema nje! Nilimwomba msamaha nikilia.

Siku hizi pipa liko uani, ndani ya kizimba cha chuma, koki mpya, karai chini yake, na kila asubuhi nainama kutazama kabla ya kuomba. Mpendwa, huenda nawe umefunga mlango kwa kufuli na hatari umeilaza ndani. Mwamini Yesu leo. Anaona mpaka chini ya zulia.

Nilipomwambia Mama Furaha kwamba nitashuhudia, hata hakuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa akisuka. Alisema: "Shuhudia, Papa Neema, lakini Shetani usimtaje. Wewe peke yako ulitosha."