Ua la Ketty

Ndani ya tuktuk, mwanamume mwenye sare za bandarini hakuacha kulitazama ua la Krismasi mapajani mwa bibi wa buibui. Majani yake ya juu yalikuwa mekundu kabisa. Hata dereva alipunguza mwendo kwenye matuta, jambo asilowafanyia abiria.

“Langu sebuleni limebaki kijani, mama, na taa siizimi.”

“Lataka giza, mwanangu. Adhana ya magharibi nalifunika kwa kasha, jua likitoka nalifunua. Ni la Ketty, mpangaji wangu, yuko kwao bara hadi Januari. Leo nalala kwa binti yangu, sikupata wa kumwachia.”

“Ketty akirudi Krismasi imeshapita. Si kazi bure hiyo?”

“Kwani wewe hujaliona?”

Tuktuk ikasimama Tononoka. Mwanamume akashuka, akalipokea ua kwanza, bibi baadaye.