Kamba ya Mzee Yonasi na Nguzo Yenye Alama

Tarehe 31 Desemba 1957 Mzee Yonasi Sichone, msimamizi wa kiwanja cha gofu cha Klabu ya Wakulima hapa Iyula, atakabidhi funguo za ghala la vifaa na kustaafu. Atakuwa ametumikia miaka ishirini na minane na miezi mitatu. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, mwaka 1936, siku aliyozaliwa binti yake Teresia, na hata siku hiyo alifika kabla umande haujakauka.

Mzee Yonasi ni Mnamwanga wa karibu na Tunduma, katika ukoo ambao nusu yake iko ng'ambo ya mpaka. Alikuja Mbozi Septemba 1929 kuchuma kahawa. Msimu ulipokwisha, wenye mashamba walitaka kufyeka pori la nyuma ya klabu wapate mahali pa kuchezea gofu, naye akapewa fyekeo na kuambiwa ni kazi ya wiki tatu. Wiki hizo tatu ndizo zinakwisha mwezi huu.

Alipanda ngazi polepole. Mwaka 1934 alikuwa kiongozi wa wafyekaji, na mwaka 1941 akawa msimamizi wa kiwanja chote cha mashimo tisa. Ni yeye aliyegundua ni kiasi gani cha mafuta machafu ya gari kichanganywe na mchanga ili sehemu ya kuzunguka shimo iwe laini mwaka mzima, kwa kuwa nyasi za hapo hufa kila kiangazi. Mara ya kwanza alizidisha mafuta, na mwenyekiti wa klabu akarudi nyumbani na soksi nyeusi. Mara ya pili alipatia, na kipimo hicho hakijabadilishwa hadi leo.

Lakini jambo ambalo wafanyakazi wa klabu hatutalisahau ni Jumatatu.

Tangu mwaka 1946 tuliruhusiwa kucheza wenyewe kila Jumatatu, siku ambayo wanachama hawaji, kwa fimbo kuukuu zilizoachwa ghalani. Tulifurahi kupita kiasi, na nyasi ndizo zilizoumia. Sisi sote ni watu wa shamba. Ukimpa mtu wa Iyula au Isansa kitu chenye mpini mrefu, atakiinua juu ya kichwa na kukishusha mbele yake kama jembe. Fimbo ilichimba ardhi, mpira ukaenda hatua sita, na nyuma yake likabaki kovu. Mwezi Mei 1949 mwenyekiti alitembea kiwanjani asubuhi ya Jumanne, akahesabu makovu mia mbili na kumi na mawili, akamwita Mzee Yonasi.

"Yonasi, watu wako wanapanda mahindi kwenye kiwanja changu."

Akampa miezi mitatu. Jumanne ya kwanza ya Agosti kamati ingehesabu tena. Makovu yakizidi hamsini, Jumatatu ingefutwa.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kushika fimbo ya gofu, inafaa tueleze kidogo. Mpira uko chini, nawe umesimama pembeni yake, si juu yake. Kwa hiyo fimbo haiwezi kupanda na kushuka wima kama jembe, wala kuzunguka ikiwa imelala kama fyekeo. Njia yake iko katikati, imeinama kama paa la nyumba: ukingo wa paa unagusa ardhi penye mpira, na kilele chake kinapita mabegani mwa mchezaji. Fimbo ikipanda na kushuka juu ya mteremko huo mmoja, mpira unaruka na nyasi zinabaki salama. Ikitoka nje ya mteremko, inachimba. Taabu ni kwamba paa hilo halionekani.

Mzee Yonasi aliamua lionekane. Alisimika nguzo ya mkaratusi nyuma ya ghala, akapigilia kigingi chini mbele yake, akavuta kamba ya katani kutoka kigingini hadi kwenye nguzo, imeinama. Mchezaji alisimama kando na kupeleka fimbo chini ya kamba hiyo, karibu nayo kwa upana wa kiganja. Aliyelima aligonga kamba. Aliyefyeka alikuwa mbali nayo mno. Mwenyewe alijaribu siku nne mfululizo, na siku ya nne mpira wake ulivuka mto unaokata kiwanja.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpaka sasa analisimulia mwenyewe akicheka. Kwa kuwa kamba ilimfaa yeye, alituweka sote kumi na wanne chini yake, mmoja baada ya mwingine. Mzee Yonasi ni mfupi, wala halifichi. Danford Nzunda, fundi wetu wa mashine, anainama kila mlango anaopita. Ili asiguse kamba ya Yonasi, Danford alipaswa kukunja magoti mpaka alionekana kama mtu anayetafuta sindano. Mwezi Julai makovu yake peke yake yalifika arobaini kwa Jumatatu moja.

Wenzetu wengine walianza kunong'ona, kisha wakasema wazi: "Mzee, siku ya kuhesabiwa Danford abaki nyumbani. Anaumwa tumbo, basi."

Danford mwenyewe alikubali. "Nitaumwa tu, Mzee. Hata sasa naanza kulisikia."

Mzee Yonasi alikataa. Alisema Jumatatu ilitolewa kwa wafanyakazi wote, na ikibidi kumficha mmoja wetu ili tubaki nayo, basi haitakuwa na ladha. Alikwenda nyumbani akiwa na wiki mbili mkononi na hajui la kufanya.

Aliyemwokoa ni mama Teresia, yaani mkewe Enesi, mwenyeji wa hapa Iyula, ambaye hajawahi kugusa fimbo ya gofu wala hana mpango huo. Asubuhi iliyofuata Mzee Yonasi alichukua jembe la mkewe kwenda kuzibua mfereji wa kahawa, akarudi baada ya muda mfupi akilalamika mgongo.

"Baba Teresia, hilo ni jembe langu," mama akamwambia. "Mpini ulikatwa kwa kimo changu. Lako liko pale ukutani. Miaka yote hii hujui?"

Mzee Yonasi alisimama akitazama majembe mawili. Mfereji ulibaki umeziba hadi jioni, kwani alikimbilia klabu, akafungua kamba, akampima Danford kwa ufito kutoka ardhini mpaka begani. Akakata alama kwenye nguzo juu sana ya ile yake, akafunga kamba hapo. Danford alisimama wima kwa mara ya kwanza tangu Mei. Fimbo ilipita chini ya kamba, ikarudi, na mpira ukaenda. Wiki hiyo kila mmoja wetu alipimwa na kukatiwa alama yake. Nguzo ikawa na alama kumi na tano, pamoja na ya Mzee Yonasi.

Jumanne ya kwanza ya Agosti kamati ilihesabu makovu thelathini na moja. Danford alikuwa na manne. Moja lililokuwa kubwa kuliko yote, kwenye shimo la sita, Mzee Yonasi alikiri mbele ya kamati kuwa ni lake: alikuwa anamtazama Danford badala ya kutazama mpira. Mwenyekiti alicheka, na Jumatatu ni yetu hadi leo.

Miaka miwili hii ya mwisho tumemsikia Mzee Yonasi akinung'unika kwamba fimbo yake imeanza kugusa udongo kabla ya mpira. Alilaumu fimbo, akalaumu mvua, akalaumu mipira ya siku hizi. Jumatatu iliyopita Danford, ambaye ndiye atakayepokea funguo, alimwomba asimame penye nguzo, akampima kwa ufito uleule. Alama mpya ilipatikana vidole viwili chini ya ile ya mwaka 1949.

"Mzee," Danford akasema, "nguzo imekua."

Mzee Yonasi aliitazama nguzo juu hadi chini, kisha akafunga kamba mwenyewe kwenye alama mpya. "Basi mwache kuimwagilia," akasema. Akapiga. Mpira ulivuka mto, na nyuma yake hakuna unyasi uliong'oka.

Mzee Yonasi, ahsante kwa kiwanja, kwa mchanga, na kwa kumpima kila mtu kwa kimo chake. Wewe na mama Teresia mpate afya, kahawa izae, na wajukuu waje kwa wingi. Kazi umeiacha, Jumatatu hujaiacha: alama zako zote mbili zitabaki kwenye nguzo, na kamba tutaifunga kwenye ile ya chini kila utakapokuja.