Filipo Mchopa, Aliyekuwa Ndani ya Mzunguko

Agosti 2003, kwenye mkutano wa hadhara Chuno, Filipo Andrea Mchopa aliomba kipaza sauti, akaikunjua ramani mpya ya mji na kusema: "Mizunguko yote nimeipanga mimi. Atakayegongwa ndani ya kipilefti changu, kosa ni lake." Watu walipiga makofi. Wengine walipiga kwa sababu hotuba ilikuwa fupi.

Alizaliwa Mpapura tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa tatu wa hayati mzee Andrea Mchopa na mama Sabina. Alianza shule ya msingi hapohapo mwaka 1974, akamaliza kidato cha nne Mtwara mjini mwaka 1984. Mama Sabina anakumbuka alivyochora kwa mkaa, kwenye ukuta wa nyumba, njia zote za mashamba ya mikorosho, pamoja na kile kijia alichopita mzee jioni ambacho mzee alidhani hakijulikani. Ndicho kipigo pekee marehemu alichowahi kupata kwa kuchora sawasawa.

Mwaka 1989, akiwa na cheti cha uchoraji ramani kutoka Dar es Salaam, aliajiriwa katika ofisi ya ramani mjini. Watu wetu wakiona kitu katikati ya barabara huita kipilefti, hata kama ni mbuzi amelala. Yeye hakukubali. Alibeba kiti chake, akakaa kwenye makutano na kuangalia nani anamsubiri nani. Penye kibao kinachomwambia anayeingia asubiri, na aliyemo ndani apite, alipaka bluu kwenye ramani. Penye kitu katikati tu, bila kibao, alipaka nyekundu, maana hapo kila mtu ajiangalie mwenyewe.

Alifunga ndoa na Rozalia tarehe 12 Novemba 1994. Hata kwenye sinia la ugali aliwafundisha watoto kwamba aliyekwisha tia mkono ana haki, anayekuja angoje. Rozalia, aliyekuwa akipika na kuja mwisho, alimwambia, "Baba Theresia, sheria yako inanilaza njaa." Kuanzia siku hiyo walimngoja mpishi.

Yapo makutano ya mapipa, njia ya Likombe: mapipa mawili yaliyojazwa mawe, basi. Filipo aliyapaka bluu. Vibao vilikuwa vimeahidiwa ofisini ndani ya wiki mbili, ramani ilikuwa inakwenda kuchapwa, naye akaona asiicheleweshe kwa kitu kinachokuja. Wiki mbili zile hazijaisha mpaka leo. Alikumbusha ofisini hadi wakawa wakimwona mlangoni wanatafuta chai ya kwenda kunywa. Nyumbani Rozalia alimuuliza, "Una ramani, sawa. Dereva wa lori anayo?"

"Atasimama. Ndiyo sheria."

"Basi wewe ukifika hapo shuka baiskeli."

Hakushuka. Jumatatu tarehe 9 Oktoba 2006 asubuhi, akiwa ameshaingia kwenye mzunguko wa mapipa, lori la korosho liliingia bila kusubiri. Lilimvunja nyonga na kumuumiza ndani ya tumbo. Dereva, kijana anayeitwa Faraji, hakukimbia. Alimbeba yeye mwenyewe hadi hospitali, akakaa chini kando ya kitanda.

"Mzee, nisamehe. Sikuona cha kunisimamisha. Niliona mapipa tu."

"Na mimi nilikuona," Filipo alimjibu. "Ila kwenye ramani ulikuwa umesimama."

Jumatano alimwomba Rozalia amletee ramani na penseli nyekundu. Alitaka kuyapaka upya yale makutano kabla hajaaga, asije mwingine akayaamini. Rozalia alikataa. Alisema yakishakuwa mekundu itasomeka kwamba mume wake hakuwa na haki, na mjini watarudia maneno ya Chuno mpaka watoto wayasikie. Filipo alimwangalia, akasema, "Mama Theresia, haki ninayo. Nyonga ndiyo sina." Alifariki kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2006, saa nne asubuhi. Penseli haikuletwa.

Maneno ya Chuno yalirudi jioni ileile. Nassoro, mtani wake wa Kiyao aliyefanya naye kazi ofisini, alikuja na pipa tupu akiwa amefunga Ramadhani, akaliweka mlangoni mwa msiba, kama watani wafanyavyo. "Kosa ni lake, kasema mwenyewe," alisema. "Jeneza halipiti hapa mpaka mjane anijibu." Rozalia alitoka kwenye mkeka.

"Shemeji, alikuwa ndani. Lori lilikuwa linaingia. Kosa lake ni moja, aliwaamini nyie."

Nassoro alilibeba pipa lake, akalitoa mlangoni. Usiku huo Rozalia alitoa ramani na penseli, akamkabidhi Theresia. Makutano ya mapipa sasa ni mekundu, kwa mkono wa binti yake, na haki ya baba imeandikwa hapa.

Marehemu ameacha mama, Bi. Sabina, mjane, Rozalia, na watoto wawili, Theresia na Josephu. Mungu ampe njia iliyo wazi, apumzike kwa amani.

Kibao cha kumwambia dereva asubiri, pamoja na nguzo yake, kwa fundi wa Chuno ni shilingi elfu thelathini na tano.