Ukelele Kwenye Saluni Iliyofungwa

Usiku wa kuamkia siku hiyo, watu wakiwa wamelala, ukelele wa mwanamke ulitoka ndani ya saluni ya kinyozi, na saluni ilikuwa na kufuli nje. Asubuhi kijiwe kilijaa mapema. Kinyozi mwenyewe alikaa ncha ya benchi, kichwa chini, maana mke wake alikuwa nyumbani anafunga nguo. Mama Kichanga, binti muuza kahawa, mtoto mgongoni, alijaza vikombe bila kumtazama mtu. Ukelele ule alijua ulikotoka.

— Ni matangazo ya filamu, alisema Trela, aliyepewa jina hilo kwa kuwa filamu zote alizijua kwa vipande vya kutangazia tu. — Mwezi ujao inatoka "Bibi Harusi wa Kisimani". Naingoja kuliko mshahara. Sasa wenyewe wanatuma jini mtaani litangulie, watu wazoee.

Mama Kichanga nusura aangushe chupa.

— Jini na saluni wapi na wapi? Fundi Viatu akadakia. — Huyu aliingiza mtu. Sema tu, kinyozi, sisi ndugu zako.

— Sikuingiza mtu.

— Basi alipita tundu la ufunguo.

— Ndiyo namna ya huyo bibi harusi, alisema Trela. — Na nasikia filamu ikiisha, anahesabu watazamaji, anabaki na mmoja.

— Na utakwenda? aliuliza Fundi Viatu.

— Siti ya mbele.

— Mimi naingoja ile ya majambazi wazee. Hao angalau wanaiba mchana.

Walikuwa bado wanacheka mke wa kinyozi alipotokea, furushi begani. Alisimama karibu na chupa ya kahawa, hakumtazama mumewe.

— Nyinyi mliosikia. Huyo mwanamke alikuwa anasema nini?

Benchi zima likatazama vikombe. Ukelele waliusikia wote, maneno hakuna aliyeyashika.

— Alikuwa... analia, alisema Trela.

— "Usinifunike, bado napumua," Mama Kichanga alinong'ona, na neno likishatoka halikurudi.

Mke wa kinyozi alimshika mkono, akampeleka nyuma ya saluni.

— Umejuaje?

— Dada, nisamehe, ni trela, ni ile filamu, naingoja tangu nina mimba, mtoto ndiyo kwanza alikuwa amelala nikasema niione kidogo tu, simu ikajishika kwa bluetooth na spika ya kaka humo saluni, chumba changu na saluni ni ukuta mmoja, mchana huwa ananiruhusu nimbembelezee mtoto kwa muziki, sikujua kaiacha inawaka, nikasikia kelele huko nikaogopa hata mimi, nikaifunika simu kwa mto, nayo ikaanza upya.

— Na watu walipotoka na tochi?

Mama Kichanga alitazama furushi.

— Nikatoka nao. Nikauliza kuna nini.

Alikumbuka kinyozi amesimama na shuka kiunoni, akiapa kwa mama yake mzazi, na yeye hapo hapo, simu bado ina moto mkononi, akitikisa kichwa kama wenzake. Uso ulimwaka mpaka masikioni.

Mke wa kinyozi alitua furushi. Alikaa juu yake, akajifuta macho.

— Mama mkwe wako alishasema nini kuhusu hiyo simu?

— Nikirudia kuikeshea usiku, nirudi kwetu, mtoto abaki.

Ng'ambo ya ukuta, Fundi Viatu aliuliza, "Bwana harusi, kahawa unamnunulia na bibi?" Kicheko kikapasuka.

— Niende niwaambie, dada. Sasa hivi.

— Wakijua hawa, mkweo kajua kabla hujafika nyumbani. Mimi nimejua, inatosha. Simwambii mtu mwingine.

— Na kaka?

— Atacheka akizeeka.

Kicheko kilikuja tena, kirefu zaidi. Mama Kichanga alimkaza mtoto mgongoni, akafungua mdomo amwite kinyozi, na kilichotoka ni sauti ndogo, ya haraka:

— Basi na mimi, dada. Simwambii mtu mwingine.