Mzee Muhsin Pazi Alizikwa Bila Mtani

Wasikilizaji wapendwa, vuteni blanketi, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka Mzee Muhsin Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mkazi wa Peckham huku ughaibuni. Alifariki Novemba, mwaka 2004.

Tangu miaka ya tisini, kila Desemba, Mzee Muhsin ndiye aliyeongoza ile jioni yetu ya baridi pale ukumbini Lewisham. Pilau, bao, ngoma, na uongo wake. "Jana baridi ilizidi," alisema, "kivuli changu kikagoma kutoka nje. Nikaenda kazini peke yangu!"

"Kivuli kina akili kukushinda, Mzaramo wewe!" Huyo ni Mzee Zephaniah, Mnyamwezi wa Tabora, mtani wake. Ukumbi hoi kwa kicheko.

Kwa wasiojua: Mzaramo akifa, mtani wake Mnyamwezi ana kazi. Huziba njia, humdhihaki marehemu, mpaka wafiwa wamkomboe kwa chochote. Ndivyo mtu anavyoagwa.

Mzee Muhsin hakuagwa hivyo. Mjane wake, Bi Kijakazi, alibaki nyumbani na wanawake wenzake. Watu waliporudi kutoka makaburini aliuliza swali moja tu: "Zephaniah kafanya nini?"

"Hakufanya kitu. Alisimama tu."

Bi Kijakazi hakulia. Hakulia siku ile, hakulia eda ilipokwisha. Alikwenda kazini, akarudi, akala, akalala. Chai ya moto ilimuunguza ulimi, akaendelea kunywa. Binti yake, Ibtisam, anatusimulia: "Nilimwambia, Mama, lia basi. Akanijibu, nimlilie nani? Baba yako bado hajazikwa."

Ikaja Desemba ya mwaka uliofuata. Baridi ilikuwa kali hata njiwa wa Lewisham wakawa wanatembea kwa miguu, na mmoja, wallahi, alipanda basi. Bi Kijakazi alifika ukumbini. Ngoma aliiona, hakuisikia. Akaenda moja kwa moja penye bao, alipoketi Mzee Zephaniah.

"Shemeji, wewe Mnyamwezi gani? Umemwacha mwenzako aende kama kifurushi cha posta?"

Mzee Zephaniah akainamisha kichwa. "Niliona aibu, shemeji. Wachimba kaburi Wazungu, wananitazama. Imamu naye kaninunia."

"Tangu lini Mnyamwezi akawa na aibu?"

Mzee wa watu akaziacha kete. Akaenda mlangoni, akajilaza chini na suti yake, akaziba njia.

"Hapiti mtu! Mzaramo kaondoka bila ruhusa yangu! Mvivu yule, kafa makusudi, akwepe kuosha masufuria ya leo!"

"Uncle, please! Health and safety!" Ibtisam akapiga kelele, akihofia kanuni za usalama za ukumbi.

"Sitoki! Nikomboeni!"

Watu wakacheka, kisha wakamgeukia mjane. Bi Kijakazi akavua glavu zake, akamrushia kifuani.

"Za kike hizi!"

"Ndizo za kiasi chako. Inuka, mpishe mume wangu."

Mzee Zephaniah akainuka. Mlango ukawa wazi, upepo ukaingia. Bi Kijakazi akautazama ule mlango kwa muda.

"Haya," akasema. "Sasa amekufa."

Hakulia hata hapo. Alisema tu kwamba anasikia baridi, akaomba kiti.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka mzima tulimpa pole Bi Kijakazi kwa msiba ambao kwake ulikuwa haujafika. Leo tunampa upya. Pole, Bi Kijakazi. Pole, Ibtisam. Pole nawe, Mzee Zephaniah, maana nawe umefiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Muhsin Pazi.

Nanyi mnaosikiliza, jiulizeni: yuko mfiwa gani anayengoja jambo ambalo ni wewe tu wa kulifanya, nawe unamwonea haya? Kavae koti. Nenda.