Sista Ajira Aiacha Simu Mezani

Baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi, Sista Ajira anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti, saa sita kamili mchana. Saa imetajwa kwenye barua kwa sababu amewahi kustaafu mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili ilipofika saa nane alikuwa amerudi mezani kwake, akidai kwamba barua haikueleza siku inaishia wapi.

Sista Ajira si jina lake la ubatizo wala la nadhiri. Ni jina tulilompa sisi hapa ofisini, yaani vyumba viwili nyuma ya ukumbi wa parokia, kimoja kikiwa nusu ofisi nusu stoo ya viti. Humo masista wa mashirika saba wanafanya kazi pamoja kuzuia watu wasiuzwe. Hati zetu zinasema "usafirishaji haramu wa binadamu". Yeye hana subira na maneno marefu. Husema mtu kauzwa, kisha anauliza kauzwa na nani.

Anayeandika haya, kwa ajili ya sherehe ya kumuaga, ni dereva wa ofisi, mwaka wa kumi na sita sasa. Kazi hii ilipaswa kufanywa na mmoja wa masista, lakini kila shirika liliona ni heshima kuwaachia wenzao. Heshima ikazunguka meza nzima mpaka ikaangukia kwa mtu pekee ambaye hakuwepo kikaoni, kwa kuwa alikuwa nje anaweka maji kwenye rejeta. Basi nami nimepiga moyo konde.

Kazi ya Sista Ajira kwa miaka yote hiyo ilikuwa kuomba kazi. Alisoma matangazo kwenye magazeti, kwenye nguzo za umeme, na siku hizi kwenye simu: wasichana wanahitajika, kazi za ndani, nje ya nchi, elimu si lazima, pasipoti tutashughulikia wenyewe. Akiona hayo maneno ya mwisho, anavaa miwani na kupiga. Lengo lilikuwa kujua wakala ni nani, anakaa wapi, na wasichana wanapelekwa wapi.

Tatizo ni kwamba Sista Ajira hasemi uongo. Ameweka nadhiri tatu, na ingawa hakuna hata moja inayotaja uongo kwa jina, aliona si vizuri kwenda kuungama kila Ijumaa kosa lilelile la kikazi. Kwa hiyo aliwaambia mawakala ukweli mtupu. Hajaolewa. Hana mtoto. Hana kiwanja wala shamba. Amezoea kulala chumba cha pamoja na kuamka saa kumi na moja alfajiri. Anapika chakula cha watu arobaini, anafua, anapiga pasi, anahudumia wagonjwa. Amezoea kutii bila kuuliza sababu, yuko tayari kupelekwa popote, na tangu azaliwe hajawahi kupokea mshahara. Hakuna wakala aliyemkataa.

Mmoja, miaka kumi na moja iliyopita, alifurahi mno hata akasahau kuuliza umri mpaka mwishoni. Sista akamwambia sitini na mmoja. Yule bwana akauliza kwa unyonge kama basi hana mdogo wake wa kike, hata mmoja. Sista akajibu kwamba anao sitini na wanne, wote hawajaolewa, na wengi wao wana afya nzuri kuliko yeye. Yule bwana alikuja mwenyewe siku ya pili kuwachukua, na fomu sitini na nne mkononi. Aliketishwa kwenye sebule ya wageni ya konventi, chini ya picha ya mwanzilishi wa shirika, akapewa chai. Aliyeileta chai ni afande wa upelelezi. Afande ananiambia kwamba mtuhumiwa alimaliza kikombe kabla ya kunyoosha mikono, na hilo limeandikwa kwenye jalada.

Barabarani alikuwa mtihani. Nimesimamisha gari katikati ya foleni ili Sista ashuke kubandua tangazo kwenye nguzo, huku waliokuwa nyuma yetu wakinitajia ukoo wangu wote. Siku moja alibandua tangazo la mama msusi aliyekuwa anatafuta msaidizi wa kweli kabisa. Alipogundua, tulirudi kilomita tisa akaomba radhi na kulibandika upya, kichwa chini miguu juu. Mama msusi alisema wateja waliongezeka.

Watu mia tatu na kumi na wawili wamerudi nyumbani kwa mkono wa ofisi hii. Idadi hiyo imo kwenye ripoti ya mwaka, na wafadhili wanaipenda. Sista Ajira haipendi. Kila mwaka, chini ya jumla, yeye huandika kwa kalamu maneno mawili: mmoja bado. Katibu huyafuta, yeye huyarudisha. Wageni waalikwa wana haki ya kujua huyo mmoja ni nani, maana bila yeye hata ofisi hii isingekuwepo.

Miaka kumi na tisa iliyopita, kila shirika lilifanya kazi hii kivyake. Kila ndege aliruka kwa bawa lake, na mabawa yenyewe yalikuwa yanagongana. Asubuhi moja, shangazi wa binti wa miaka kumi na saba alipiga simu konventi mbili tofauti, kwa sababu hakujua ni wapi atasikilizwa. Alisema binti ya kaka yake anaondoka leo kwa basi la saa sita kwenda nchi ya pili na mama mmoja aliyeahidi kazi ya dukani, kwamba amevaa sweta la kijani, na kwamba huyo mama ndiye aliyeshika pasipoti yake. Konventi zote mbili ziliitikia upesi. Hakuna iliyoiambia nyingine.

Sista Ajira alifika stendi akiwa amevaa kiraia, kitambaa kichwani na miwani ya jua ya mpishi. Sista Mkunga, wa shirika lingine, alifika na wigi la kuazima. Wote wawili walikuwa wamehudhuria semina moja ya kutambua mawakala, ingawa kila mmoja aliketi na wa shirika lake na hawakusalimiana. Kwa hiyo walikuwa na orodha moja ya dalili: mwanamke mtu mzima, hana mzigo, hasafiri, anawakodolea wasichana macho, na mavazi yake yanaonekana si yake. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akaona dalili zote tano.

Wakaanza kufuatana. Sista Ajira alimfuata Sista Mkunga mpaka dirisha la tiketi, kisha Sista Mkunga akamfuata Sista Ajira mpaka chooni na kumsubiri mlangoni. Walizunguka stendi ile saa moja na nusu, kila mmoja akiamini amemshika mhalifu, tena mhalifu mzembe.

Ilipotimu saa sita, kengele ya kanisa la jirani ikapigwa. Wote wawili wakasimama palepale, wakainamisha vichwa, wakafanya ishara ya msalaba, na midomo ikaanza kwenda na sala ya saa sita: Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria. Walipoinua macho walikuwa wanatazamana. Sista Mkunga anasema hajawahi kuona aibu ya namna ile, hata siku wigi lilipoanguka, ambayo ni siku hiyohiyo dakika moja baadaye.

Maana dakika hiyo ndipo walipomwona. Mama nadhifu, mtulivu, ungedhani ni mwalimu mkuu, ana begi lenye magurudumu na pasipoti kadhaa mkononi. Ukiacha utu uzima, hakuwa na dalili hata moja ya semina. Alikuwa ameketi ndani ya basi, na dirishani pembeni yake kulikuwa na sweta la kijani. Injini ilikuwa inanguruma.

Walikimbia. Sista Mkunga alisimama mbele ya basi, na dereva wa basi, ambaye kwa niaba ya taaluma yangu namwonea haya, akamzunguka. Sista Ajira aligonga kioo. Binti akafungua. Sista alikuwa na kitu kimoja tu mfukoni, picha ndogo ya mtakatifu yenye namba yake ya simu nyuma, akamtia mkononi na kumwambia apige wakati wowote, akiwa popote, atamkuta. Binti aliisoma ile namba, akaikunja ile picha na kuiweka ndani ya soksi. Basi likaondoka. Polisi walilisimamisha mpakani, lakini yule mama na binti walikuwa wameshateremka njiani. Hawajaonekana mpaka leo.

Masista wale wawili waliketi kwenye benchi la stendi mpaka saa tisa, wameshika tama, wigi mapajani. Hapo ndipo ushirika huu ulipoanzia, si kwenye ukumbi wa mikutano kama kipeperushi chetu kinavyosema. Waliafikiana mambo mawili. La kwanza, hakuna shirika litakalotoka tena bila kuwaambia wengine. La pili, mikutano itafunguliwa kwa Baba Yetu moja, kwani awali kila shirika lilisali sala ya mwanzilishi wake, na kwa mashirika saba ajenda ya kwanza ilifikiwa wakati wa chakula cha mchana. Hilo la pili lilichukua miaka miwili kukubalika.

Namba ile haijabadilika. Ofisi ilipopewa namba fupi, ya tarakimu nne, rahisi kukumbuka, Sista Ajira aliikubali na kuisifu, kisha akaendelea na ile ya zamani. Simu zimekufa tano. Laini ni ileile. Kwa kuwa laini isiyotumika hufungwa, kila Jumamosi anajipigia kwa simu ya ofisi, anapokea, anasema, "Niko hapa. Sema," halafu anakata. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani mzee wa watu ameanza kuchanganyikiwa, nikamwambia Sista Mkunga. Ndipo nikasimuliwa habari za stendi, na tangu hapo Jumamosi nazima redio ya gari.

Na shangazi mtu huja kila mwaka, tarehe ileile. Huwa hana la kuuliza. Anaitazama simu, anakunywa chai, anamshukuru Sista, anaondoka. Mimi humrudisha kwake, na njiani tunazungumzia mvua.

Sasa niseme kwa nini safari hii anastaafu kweli. Februari mwaka huu, Jumanne mchana, nilikuwa naosha gari chini ya dirisha la ofisi nikasikia simu ile ikilia. Nilijua Sista yumo, nikaendelea na matairi. Ikalia mno. Nilipoingia nilimkuta ameketi hatua moja kutoka kwenye simu, iko nyuma ya bega lake la kushoto, anasoma matangazo. Nikanyoosha mkono, ikakatika. Ilikuwa namba ya nje ya nchi. Tulipiga siku tatu, haipatikani.

Huenda alikuwa mtu wa bima. Watu wa bima hupiga. Lakini Sista aliniambia nisimame upande wake wa kushoto niseme jambo lolote, nikasema chai tayari, naye akaendelea kungoja niseme. Kisha akachukua karatasi na kuandika barua ya kustaafu kwa mkono wake, bila kusukumwa na Mama Mkuu wala daktari. Alisema simu hii inataka mtu mwenye masikio mawili. Mimi nilikuwa nayo yote mawili siku hiyo, na nikaosha matairi. Nilikwenda kulia ndani ya gari, na sioni haya kuliandika.

Kuanzia Septemba simu itashikwa kwa zamu, mashirika saba kwa siku saba. Jumapili iligombewa sana, kila shirika likiitaka, jambo ambalo wanaotujua wanajua ni muujiza. Jumanne ameichukua Sista Mkunga. Siku masista wote wakiwa mafungoni, ataishika dereva, ambaye ameshafanyishwa mtihani wa kusema "Niko hapa. Sema," na amefaulu mara ya nne.

Kwa hiyo wageni wetu wazingatie kipengele cha sita cha ratiba ya sherehe. Simu itakuwa juu ya meza kuu, mbele ya keki, ikiwa na chaji. Ikilia, anayehutubia anyamaze, hata awe nani. Mgeni rasmi ameshaambiwa na amekubali. Kwaya nayo imeambiwa, bado inajadiliana.

Tunakushukuru, Sista Ajira, kwa miaka ishirini na minne ya kuomba kazi na kuzipata zote. Kule nyumba ya wazee umepangiwa bustani. Tunaiombea hiyo bustani. Tumekuwekea kiti safu ya mbele, sikio lako la kulia likielekea mezani, na shangazi ataketi pembeni yako. Pumzika kwa afya na amani, mama yetu. Simu ikilia, kaa. Tutaisikia.