Fundi Shija Mahona na Simu Iliyogeuka Rangi

Ndugu Shija Mahona, fundi wa simu wa Bariadi, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1985, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba. Wengi wenu mnamjua kwa baiskeli yake, kwa mkoba wake wa ngozi, na kwa tabia yake ya kuingia ofisini kwa mtu, kuinua simu na kuipindua kabla hata hajasalimia. Wageni humwona hana adabu. Kumbe anaangalia rangi.

Alizaliwa Bukundi katika familia ya wafugaji. Mwaka 1958 alianza kazi kama kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, kazi ambayo anasema ilimfundisha kuheshimu udongo wa mbuga wakati wa masika. Baadaye alipelekwa masomoni, akarudi fundi kamili, na tangu hapo hakuna laini kati ya Bariadi na Mwandoya ambayo hajaipanda au hajaifuata kwa miguu. Ng'ombe wa kwetu hupenda kujikuna kwenye nguzo hadi zinalala. Ndugu Shija ndiye pekee kati yetu aliyeweza kwenda kwa mwenye ng'ombe na malalamiko, akarudi amepewa maziwa.

Lakini sifa yake kubwa haikutokana na nguzo. Ilitokana na simu moja, na kwa kuwa wafanyakazi vijana wameisikia habari hiyo vipande vipande, naomba niisimulie yote.

Ilikuwa Novemba 1976, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Mwandoya. Wakati watu wanahamia pale, ofisi ya kijiji ilipewa simu mpya ya plastiki, nyeupe kama maziwa. Baada ya miaka miwili ilikuwa imegeuka kahawia kama chai ya rangi. Tena haikugeuka yote. Kiwiliwili chake kilibadilika, zaidi ubavu mmoja, ila mkonga wa kushika na kuongelea ulibaki mweupe vilevile. Na kwa sababu simu ile ilikuwa ya kijiji kizima, mara nyingi ilipolia ilileta habari za msiba. Mwezi ule ilileta misiba miwili ya vijana. Watu wakaanza kuitazama simu, halafu wakaanza kumtazama mama aliyekuwa akiifuta kila asubuhi.

Mama huyo aliitwa Nyanjige, mjane, mfagiaji wa ofisi. Katibu wa kijiji, Novatus, alisema amemwona kwa macho yake akiisugua simu kwa majivu na ndimu. Ikasemwa hiyo ndiyo dawa ya kuroga. Mkutano ukaitishwa ili aondoke kijijini, na sote tunajua mjane anayefukuzwa kwa neno la namna hiyo huwa hafiki mbali.

Ndugu Shija hakuitwa kwenye mkutano. Alikuwa amekuja kutengeneza laini iliyokatika, akawakuta watu wamekaa uwanjani na simu iko juu ya meza, kama mshtakiwa wa pili.

"Mayo Nyanjige, ni kweli uliisugua?" alimuuliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Niliisugua," mama akajibu. "Ilikuwa inachafuka. Ningeiacha mngesema mfagiaji mvivu."

Ndugu Shija akatoa bisibisi, akaifungua simu mbele ya watu. Ndani plastiki ilikuwa bado nyeupe. Akawaonyesha kwamba ubavu uliokolea ndio uliokuwa ukielekea dirishani. "Hili ni jua," akasema. "Jua linaunguza plastiki kama linavyopausha kitenge kwenye kamba." Baadhi ya watu walianza kuguna kukubali, na yeye mwenyewe anakiri alianza kujisikia vizuri.

Hapo mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ngeleja, mtu wa maneno machache, akauliza swali moja: "Na mkonga? Haukai juu ya hiyo hiyo simu, kwenye hilo hilo jua? Mbona mweupe?"

Ndugu Shija alitazama mkonga. Akautazama tena. Akasema, "Hilo sijui."

Anasema hajawahi kutamka neno zito kama lile. Kelele zilianza, Novatus akasimama, na mama Nyanjige akajifunika uso kwa kanga. Ndugu Shija angeweza kubuni jibu, maana nani pale angembishia? Badala yake alimwomba Mzee Ngeleja muda. Aliahidi kuleta jibu, na akaomba mama asiguswe mpaka hapo. Mzee alifikiri, akasema, "Mpaka pamba zivunwe. Ofisini haingii. Lakini nyumbani kwake hakuna atakayemgusa, na anayebisha aanze na mimi." Ndugu Shija akawafungia simu nyeusi ya zamani, akaichukua ile ya kahawia, akarudi Bariadi.

Wakati ule walikuwepo watu wawili huku kwetu waliokuwa wakikusanya simu kuukuu kama wengine wanavyokusanya stempu. Wa kwanza alikuwa Gharib, mwenye duka hapa mjini. Aliigeuza simu ile, akainusa, akasema ni moshi. "Koroboi, sigara, na jasho la watu. Simu ya plastiki inakunywa kila kitu. Mkonga unafutwa na mikono ya watu kutwa nzima, ndiyo maana umepona."

Wa pili alikuwa Padri Januarius wa Kiloleli. Yeye alicheka habari ya moshi. Alisema plastiki huchanganywa na dawa ya kuzuia isishike moto, na dawa hiyo ndiyo inayogeuka ikipigwa na mwanga. Kiwiliwili na mkonga, akasema, havikupikwa chungu kimoja. Kiwandani mchanganyiko wa leo si wa jana, na vipande vya siku tofauti huunganishwa kuwa simu moja.

Ndugu Shija alipompelekea Gharib maneno hayo, Gharib alitoa chini ya kaunta simu iliyokaa ndani ya boksi tangu aipate, haijawahi kuona dirisha. Ilikuwa ya manjano. "Kamwambie padri wako aeleze hii." Padri akajibu kwamba ni joto la bati la paa la duka. Gharib akajibu kwamba padri hajui bati. Kwa miezi mingi fundi wetu aliendesha baiskeli akibeba mabishano ya watu wawili ambao hawakuwahi kuonana.

Lakini hakukaa kusubiri wakubaliane. Alipata ruhusa ya kuchukua stoo simu mbili za aina ile ile, mpya. Moja aliiweka kwenye dirisha la chumba cha mitambo, nyingine akaifungia kabatini. Mimi nilikuwa opereta wa zamu, na dirisha lile ndilo lililokuwa mgongoni kwangu. Kwa msimu mzima nilikatazwa kufunga pazia. Nilichomwa jua kwa ajili ya sayansi, na nadhani nami nilibadilika rangi kidogo.

Simu ya dirishani ilianza kuwa kama maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo, kisha ikakolea. Kiwiliwili tu. Mkonga wake ulibaki mweupe. Siku aliyoliona hilo waziwazi, Ndugu Shija alikaa chini, akavua kofia. Baadaye akafungua kabati. Ile ya gizani nayo ilikuwa imeanza umanjano, kidogo sana. Nilimshauri aiache hiyo, itawachanganya watu bure. Alikataa. "Nikificha hii, nitakuwa nawafundisha uongo ili waache uongo mwingine."

Pamba zilipovunwa alizifunga simu zote tatu kwenye baiskeli akaenda. Aliziweka mezani uwanjani, akaeleza maneno ya Gharib, maneno ya padri, na ugomvi wao. Akasema kwa nini hasa inatokea bado hana uhakika. Kisha akauliza, "Hizi mbili zilikuwa Bariadi. Mama Nyanjige amewahi kufika Bariadi?"

Mzee Ngeleja alisimama, akashika mkonga mweupe wa simu ya dirishani, akaulinganisha na ule wa kijijini. Alichukua muda. "Hii haina mkono wa mtu," akasema. "Mkutano umekwisha."

Si wote walioridhika. Wapo walioendelea kupita mbali na nyumba ya mama yule. Lakini hakufukuzwa. Novatus alikwenda mwenyewe kumwomba radhi na kumrudisha kazini. Radhi aliipokea, kazi akaikataa: "Fagieni wenyewe, na simu mfute wenyewe." Yu hai, na karanga mtakazotafuna leo kwenye hafla hii ni za shamba lake.

Tangu hapo Ndugu Shija amefundisha mafundi wengi, nao wote wanajua kusema "sijui" bila kuona haya. Naye amekuwa mkusanyaji. Siwema, mkewe, anasema nyumba yao imejaa simu na hakuna hata moja inayoweza kuita mtu. Ukimuuliza sababu ya rangi, atakupa ya Gharib, atakupa ya padri, kisha atakutazama kuona wewe unaegemea wapi.

Ndugu Shija, tunakushukuru kwa laini zote ulizofufua, kwa mvua zilizokunyeshea, na kwa uvumilivu wako na sisi maopereta tuliokusumbua. Unarudi Bukundi kufuga. Laini yetu haijafika huko, kwa hiyo tukikukumbuka hatutaweza kukupigia, itabidi tuje. Tunakuombea afya, wewe na Siwema, na pumziko ulilolistahili. Weka maziwa tayari.

Philomena Sayi
Opereta, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako